Leseni ya makazi, hati ya urasimishaji au kiwanja cha mradi: ipi inamfaa nani?

Nilikaa kwenye kamati ya urasimishaji ya mtaa wetu, yaani kazi ya kupanga na kupima mtaa uliojengwa kiholela ili watu wapate hati, upande wa Ubungo, kwa zaidi ya miaka mitatu. Sikulipwa hata nauli, ila nilitoka na kitu kimoja: kila anayejenga au kununua huku kwetu lazima anisimamishe njiani. "Kaka, nichukue leseni sasa hivi au nisubiri hati?" Mwingine anataka kuuza nyumba yake ya skwata akanunue kiwanja kilichopimwa nje ya mji. Maswali ni yaleyale na majibu yangu ni yaleyale, basi nayaandika hapa yote kwa pamoja. Ninayoyasema ni ya Tanzania Bara, na mifano yangu mingi ni ya Dar es Salaam.

Kabla ya kulinganisha chochote, toa karatasi zako kabatini uzitazame.

Wengi wetu tuna mkataba wa mauziano, uliosainiwa ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wawili watatu, mhuri wa bluu. Ule ni ushahidi kwamba fulani alikuuzia. Hauthibitishi kwamba fulani alikuwa na haki ya kuuza, na mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kugawa ardhi ya mjini hata akigonga mihuri mitano. Ile asilimia kumi ambayo baadhi ya ofisi za mitaa zimezoea kudai kwenye mauziano haiongezi nguvu ya karatasi hata kidogo. Kibao cha namba kilichobandikwa ukutani wakati wa Operesheni Anwani za Makazi mwaka 2022 ni cha kumwelekeza mtu wa bodaboda afike kwako. Na kodi ya jengo inayokatwa kwenye Luku tangu 2021 inamfuata mwenye mita, mwenye nyumba au mpangaji, na haiulizi nyumba ni ya nani. Kuna mama alinijia na risiti za Luku za mwaka mzima, kazibana vizuri kwa pini, akiamini ndizo hati. Sikujua nianzie wapi.

Kwa hiyo kama hayo ndiyo yote uliyonayo, hujarasimishwa. Una njia tatu mbele yako, na kwa ufupi ziko hivi:

| | Leseni ya makazi | Hati kwa urasimishaji | Kiwanja cha mradi |
|---|---|---|---|
| Anayetoa | Halmashauri | Kamishna wa Ardhi, kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa | Halmashauri inauza, hati ni ya Kamishna |
| Muda | Miaka 5, unahuisha | Miaka 33, 66 au 99 | Miaka 33, 66 au 99 |
| Mpaka | Picha ya anga na neno la majirani | Bikoni (alama za mpaka zilizochimbiwa ardhini) | Bikoni |
| Unawahitaji nani | Majirani wa mpakani | Mtaa mzima | Mfuko wako |
| Njia ya kupita | Inabaki ilivyo | Inajadiliwa | Imechorwa kabla |
| Nyumba ya sasa | Inabaki | Inabaki, pengine ikatwe kidogo | Unaanza upya |

Watu wakiona jedwali kama hili hukimbilia mstari wa pili. Miaka 99 dhidi ya miaka 5, nani atachagua 5? Mimi ningekushauri uanzie mstari wa tano, ule wa njia. Nitaeleza kwa nini.

Leseni: unaichukua peke yako

Leseni ya makazi imo kwenye kifungu cha 23 cha Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Inatolewa na halmashauri yako. Zilipoanza kutolewa kwa wingi Dar es Salaam katikati ya miaka ya 2000, watumishi walitumia picha za anga: wakachapa picha, wakapita nyumba hadi nyumba, wakachora kila nyumba na kuipa namba. Hakuna aliyechimba shimo la bikoni. Leseni za mwanzo zilikuwa za miaka miwili, baadaye muda ukawa mitano.

Uzuri wake uko hapohapo. Huna haja ya kungoja mtaa mzima ukubaliane. Jirani wa kushoto, wa kulia, wa mbele na wa nyuma wakisema mpaka uko hapa, na halmashauri ikiona hauko kwenye eneo la hatari, unapata. Gharama ni ndogo ukilinganisha na hati. Kwa mtu ambaye mtaa wake una ugomvi usioisha, au ambaye anaogopa kesho wakija wathamini wa mradi wa barabara ataanza kuulizwa yeye ni nani, leseni ni kinga ya haraka. Sheria yenyewe inatambua ukaaji wa muda mrefu katika suala la fidia, lakini kutambuliwa na sheria ni jambo moja na kuthibitisha mbele ya mthamini mwenye haraka ni jambo jingine. Leseni inafupisha ubishi.

Ubaya wake nao uko hapohapo. Mpaka wa kwenye picha ni mstari uliochorwa juu ya paa na mti. Mti ukikatwa, ukuta ukisogea nusu mita kila mvua, mnarudi kwenye ubishi. Na leseni inaugandisha mtaa kama ulivyo siku picha ilipopigwa. Kichochoro kikiwa cha kupita mtu na ndoo, kitabaki cha kupita mtu na ndoo, ila sasa kina leseni pande zote mbili.

Kukopa inawezekana, wapo waliokopea leseni. Lakini fanya hesabu kama anavyoifanya afisa mikopo. Leseni imebakiza miaka miwili, wewe unataka mkopo wa miaka minne. Miaka miwili ya mwisho dhamana yake ni nini? Ndiyo maana wengi huishia kupata kiasi kidogo na cha muda mfupi. Ukipanga kukopea leseni, ihuishe kwanza, kisha nenda benki ikiwa mbichi.

Na hiyo kuhuisha ndiyo inayowaangusha watu. Nimeona leseni nyingi zilizofutikwa chini ya godoro, zimeisha muda zamani, mwenyewe anaamini bado anazo.

Hati ya urasimishaji: unaichukua na majirani

Urasimishaji nao ni wa sheria ileile ya 1999, na ulipewa msukumo na programu ya taifa ya kurasimisha na kuzuia makazi holela iliyoanza 2013. Kimara na Saranga zilikuwa miongoni mwa kata za mwanzo Dar es Salaam kufanyiwa kazi hiyo kwa ukubwa, mwaka 2015. Kazi inakwenda kwa hatua tatu ambazo kila mtu huku kwetu anaziimba: kupanga, kupima, kumilikisha.

Hapa pana jambo ambalo limewagombanisha watu na kamati zao nchi nzima. Wizara ya Ardhi iliposhusha kiwango cha kampuni za urasimishaji kutoka shilingi 250,000 hadi 150,000 kwa kiwanja, watu walisikia "hati ni laki na nusu". Hapana. Ile ni pesa ya kupanga na kupima. Ukishaipata ramani na namba ya kiwanja, kumilikisha kunaanza na bili yake: ada ya kuandaa hati, usajili, ushuru wa stempu, ramani ndogo ya kiwanja, na kodi ya pango la ardhi ya mwaka wa kwanza. Bili inategemea ukubwa wa kiwanja, matumizi na mahali kilipo. Mkutano wetu wa pili ulivunjika kwa sababu hii hii. Mzee mmoja alisimama akasema, "Mlituambia nguo, kumbe mmetuuzia kitambaa." Alikuwa na haki kidogo. Ningekuwa mimi ndiye mwenyekiti wa kamati, ningeyasema haya siku ya kwanza, kabla hata ya soda.

Sasa tuje kwenye njia.

Mchoro wa mipango miji wa mtaa ambao tayari umejaa nyumba hauchorwi ofisini. Unachorwa mnaposimama kichochoroni na mkanda wa kupimia, mpangaji wa miji anauliza: hapa gari lipite wapi? Hapo ndipo unapojua majirani zako. Njia yetu kuu ya ndani ilikuwa inapitisha bajaji, na dereva alilazimika kukunja kioo cha pembeni kwenye kona moja ambayo banda la jiko la mama mmoja lilikuwa limetokeza. Tulimwomba mita moja. Akatuangalia. "Mita moja yenu," akasema, "ni jiko langu zima." Na alikuwa anasema kweli: ukiondoa mita moja, banda linabaki na ukuta na sufuria.

Ilichukua wiki sita. Jirani wa ng'ambo akakubali kutoa nusu ya ile mita kwenye bustani yake, mama akatoa nusu iliyobaki, na sisi tunaokaa ndani zaidi, ambao ndio tungefaidi, tukachanga tofali na mifuko ya saruji akajengewa jiko jipya upande wa nyuma. Hakuna sheria iliyotulazimisha kuchanga. Lakini bila hivyo, kwa nini yeye alipie barabara yetu kwa jiko lake?

Mbele kidogo kuna bwana aliyegoma kabisa. Ana ukuta wa matofali ya kuchoma, mzuri, na hakutaka kusikia. Mchoro ukapinda kumzunguka. Mpaka leo njia yetu ina kiwiko pale, na kila dereva wa lori la mchanga anamjua kwa jina.

Nimekaa kwenye hili la njia kwa sababu ndilo linalotofautisha hati na leseni kuliko miaka 99. Zamani choo cha nyumba za ndani kikijaa, gari la majitaka lilikuwa linaegesha barabara kuu na kuunga mipira kupita viwanja vitatu. Kila kipande cha mpira kina bei. Siku moja kiungio kilifumuka katikati ya uani kwa watu, nguo zimeanikwa, watoto wanacheza. Wengine wakaona bora wangoje mvua kubwa wafungulie choo kwenye maji yanayoshuka, na maji yale yanashuka kwa nani? Kwa wa chini yetu, karibu na mto. Gari la taka ni hivyohivyo. Lisipofika, mifuko inaishia kwenye mfereji, na mfereji ukiziba mafuriko yanaanzia kwetu wenyewe. Zimamoto ndio usiseme. Mambo yote haya tunayapeleka kwenye vikao vya kata kama malalamiko dhidi ya halmashauri, na halmashauri ina makosa yake, lakini gari haliwezi kuingia pasipo na njia.

Kwa upande mwingine, usitarajie Oysterbay. Urasimishaji unakubali viwanja vidogo na njia nyembamba kuliko zile za mradi mpya, kwa sababu ukifuata vipimo vya kawaida itabidi ubomoe nusu ya mtaa. Na ardhi ya huduma za jamii haipatikani tena. Sisi tulitafuta nafasi ya zahanati kwenye mchoro, tukakosa. Tulipata pembe moja ya kuwekea kontena la taka, na hiyo pia iligombaniwa na mwenye duka aliyesema nzi watamfukuzia wateja. Shule ya msingi ya watoto wetu iko mtaa wa pili na itabaki huko.

Faida nyingine za hati unazijua: bikoni haibishani, benki inaielewa, kibali cha ujenzi cha halmashauri kinaombwa kwa urahisi, na mnunuzi wa kesho hakuulizi maswali mengi. Tangu 2020 kuna ofisi za ardhi katika kila mkoa wa Bara, kwa hiyo safari za kwenda kufuatilia saini mbali zimepungua. Lakini muda wa jumla, kuanzia mkutano wa kwanza hadi mtu ashike hati mkononi, hesabu kwa miaka. Ukiambiwa miezi mitatu, omba huyo anayekuambia akuonyeshe mtaa alioumaliza kwa miezi mitatu, uende ukawaulize.

Pia kuna kazi ya ndani ya familia. Nyumba nyingi huku ni za urithi. Mzee alifariki zamani, watoto sita, kila mmoja ana chumba chake na maoni yake. Leseni au mkataba wa zamani ungeweza kukaa kwa jina la marehemu kimyakimya. Ukifika hatua ya kumilikisha unaulizwa: jina la nani? Hapo lazima msimamizi wa mirathi awepo, ateuliwe na mahakama, na familia ikae. Nyumba mbili mtaani kwetu zina bikoni na hazina hati mpaka leo kwa sababu hii tu. Na wenye ndoa, andikeni majina yote mawili. Benki itahitaji ridhaa ya mwenza wako siku ya kuweka nyumba ya familia rehani, sasa kwa nini asianze kuonekana kwenye hati tangu mwanzo?

Pesa isipite mkononi

Hili nimelitenga kwa makusudi. Kampuni binafsi zimefanya kazi nzuri sehemu nyingi, na sehemu nyingine zimekusanya pesa, zikachora, kisha zikapotea kabla ya kupima. Mtaa mmoja jirani na sisi ulichangia kampuni moja ambayo ilikuja na vijana wa fulana zinazofanana, wakapita wiki mbili, na hadi leo wananchi wanashika risiti. Kabla hujatoa hata elfu kumi, dai kuona mkataba kati ya mtaa na kampuni wenye saini ya halmashauri, na ulipe benki kwenye akaunti ya mradi. Malipo ya serikali ya hatua ya hati nayo yanakuja na namba ya malipo. Mtu akikuambia "nipe tu mimi, nitakulipia", mpe chai umsindikize.

Baadhi ya halmashauri zimefanya kazi hii zenyewe bila kampuni, hasa baada ya serikali kuzikopesha fedha zisizo na riba kwa ajili ya kupanga, kupima na kumilikisha kuanzia mwaka wa fedha 2021/22. Uliza kata yako iko upande gani. Mimi nikipewa kuchagua, napendelea kazi inayofanywa na halmashauri, si kwa sababu ina kasi zaidi, maana mara nyingi haina, ila ikichelewa unajua mlango wa kugonga.

Kiwanja cha mradi: unanunua njia iliyo tayari, kwenye karatasi

Njia ya tatu ni kuachana na skwata. Serikali, kupitia wizara au halmashauri, inatwaa ardhi pembezoni, inalipa fidia, inapima, inauza. Kwa Dar es Salaam mfano unaojulikana zaidi ni Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza 2002: Bunju, Mivumoni, Tuangoma, Kibada, Gezaulole, Buyuni na kwingine. Ukipita Kibada leo unaona tofauti mara moja. Barabara zimenyooka, kila mtu anajua kwake kunaishia wapi, na maeneo ya shule na soko yalitengwa kabla ya mtu wa kwanza kuchimba msingi.

Lakini ukumbuke kwamba ilichukua miaka mingi kwa barabara nyingi za mradi ule kutoka kwenye ramani kuja ardhini. Wa kwanza kuhamia walipita kwenye majani, maji ya boza, nguzo za umeme za kuombea. Jirani yako anaweza kuwa pori la mtu aliyenunua viwanja vinne akingoja bei ipande. Masharti ya hati kwa kawaida yanataka uwe umejenga ndani ya miezi 36, na wewe mwenye kipato cha kudunduliza ndiye utakayebanwa na sharti hilo kabla ya mwenye viwanja vinne.

Halafu kuna hesabu ya maisha. Huku skwata mke wangu anauza vitafunwa barazani, asubuhi wateja ni wapita njia. Shangazi yupo nyumba ya tatu, anaangalia watoto. Hakuna afisa ardhi anayeandika vitu hivyo kwenye bili. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, serikali iliwapa watu wa bonde la Msimbazi viwanja Mabwepande, mbali kabisa kaskazini mwa jiji. Ardhi ilikuwa kavu na imepimwa, lakini wapo waliorudi mjini, kwa sababu kazi zao zilikuwa Kariakoo na nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa inakula walichopata.

Ningemshauri kiwanja cha mradi mtu mwenye mambo matatu kwa pamoja: pesa ya kulipa kiwanja bila kuuza nyumba anayoishi, kipato kisichotegemea mtaa anaokaa, na uvumilivu wa kujenga mbali kabla huduma hazijafika. Kijana mwenye mshahara ambaye bado amepanga, huyu asipoteze muda skwata. Mama mwenye genge uani, abaki.

Ukiwa bondeni, acha kulinganisha

Sheria ya Ardhi inaitaja ardhi ya hatari, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kama nyumba yako iko hapo, leseni huipati na urasimishaji utakuruka. Nimeona watu wa mtoni wakichangia pesa za upimaji pamoja na wengine, wakaja kuona mchoro umewapaka kijani, yaani eneo lisilojengwa. Waliolia sana ni wale ambao hakuna aliyewaambia mapema. Desemba 2015 nyumba za Msimbazi ziliwekwa alama ya X nyekundu na kubomolewa. Miaka ya karibuni mradi wa kuendeleza bonde hilo, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na wenzake, umekwenda kwa utaratibu wa tathmini na malipo. Ukiwa eneo la namna hiyo, nguvu yako iweke kwenye kumbukumbu: tarehe uliyoanza kukaa, mikataba, picha za nyumba, majina ya wanaoishi humo. Hizo ndizo zitakazokusaidia mthamini akifika.

Hifadhi ya barabara ni ndugu yake bonde. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, zilivunjwa, na wapo waliokuwa na karatasi zao mkononi. Kwa hiyo kabla ya kulipia chochote, nenda idara ya mipango miji ya halmashauri yako na uliza swali moja: eneo hili limepangiwa nini? Omba uonyeshwe kwenye ramani, weka kidole chako juu ya nyumba yako. Ni safari ya nusu siku.

Basi uchague nini?

Kama mtaa wako umeshaitisha mkutano, umechagua kamati, na watu wako tayari kutoa njia, ingia kwenye urasimishaji na usiwe wa mwisho kulipa. Wa mwisho ndio wanaochelewesha ramani ya wote. Kama una leseni hai, usiitupe ukingojea. Ihifadhi, itakusaidia kuthibitisha wewe ni nani wakati wa utambuzi wa wenye viwanja.

Kama mtaa wako hauna hata dalili, au umegawanyika kiasi kwamba mkutano ukiitishwa wanakuja watu tisa, uliza kama halmashauri yako inatoa leseni eneo lenu, uchukue. Miaka mitano inatosha kuwashawishi majirani.

Kama njia yenu tayari ni pana, bahati iliyoje, hati itawafikia kirahisi kuliko mnavyodhani, kwa sababu sehemu ngumu mlishaimaliza bila kujua.

Kuna mzee jirani yangu, leseni yake iliisha muda siku nyingi. Kiwanja chake kina bikoni zote nne, namba anayo, amekwama kwenye bili ya kumilikisha. Wiki iliyopita aliniuliza kama ahuishe leseni kwa pesa kidogo aliyonayo au aanze kuidunduliza ile bili. Nilimwuliza kama anataka kukopa. Hataki. Anataka kuuza? Hataki. Ana watoto watano na wake wawili, na afya si ile ya zamani. Nikamwambia adundulize bili, na wakati anadunduliza awaite watoto wote Jumapili, awaonyeshe bikoni moja moja, mimi nitakuja kuwa shahidi. Jumapili hii tunaanza na ile ya nyuma ya banda la kuku, ambayo sasa imefunikwa na mchanga.